Tundu la Kasuku, Mzinga wa Nyuki

Sharpstown, Houston
11 Februari 2024

Baba mdogo Gelasius, shikamoo.

Mama mdogo Pelagia mpe shikamoo yake, na Tania mwambie dada yake anamsalimu hata kama hajibu meseji. Mimi ni mzima. Mama wa Sikonge nilizungumza naye Alhamisi. Uvimbe wa mguu umepungua, mahindi yamebeba, na anasema umemsahau shemeji yako.

Naandika kwa sababu simu uliikata. Mara ya kwanza nilidhani ni mtandao, mara ya pili nikajua ni wewe. Barua labda uichane, na najua huwezi kuchana karatasi yenye salamu za mama.

Sasa nisikilize mpaka mwisho. Kile kituo cha kutunza kasuku na ndege wengine ninachofanyia kazi kinasaidia bonde moja la milimani huko Bolivia, Amerika ya Kusini. Kuna kasuku wakubwa wanaoishi kwenye mabonde hayo tu, na duniani kote waliobaki porini hawajai hata kanisa lenu. Wenyeji huwaita paraba. Hutaga kwenye matundu ya ukuta wa mwamba, juu ya mto, mahali ambapo hata nyoka hufikiri mara mbili. Adui yao mpya ni nyuki. Na nyuki wenyewe ni wa kwetu, baba mdogo! Walipelekwa Brazil kutoka Afrika zamani, wakatoroka, wakazaana, wakaenea bara zima. Msimu uliopita jozi kumi na moja za kasuku zilitafuta matundu kwenye mwamba wetu. Manne yalichukuliwa na nyuki, na katika moja tulikuta makinda mawili yameumwa mpaka kufa.

Mpango wangu ni kutundika mizinga kumi na miwili karibu na mwamba kabla nyuki hawajaanza kuhama, ili waingie humo na kuwaachia ndege matundu yao. Naondoka Septemba. Nitashuka mwamba kwa kamba kukagua matundu, na mizinga nitaitundika mwenyewe. Ninachokosa ni ujuzi wa kumfanya nyuki aupende mzinga. Anayeujua ni mrina asali, na katika nchi hii mrina asali namjua mmoja tu.

Nifundishe.

Mwanao,
Joyceline

*

Cedar Hill
20 Machi 2024

Mwanangu Joyceline, marahaba.

Sisi hatujambo. Pelagia anakohoa kidogo, chavua ya huku imeanza kutufunika na magari yote yamekuwa ya njano. Pale nyumba ya wazee wameniongezea zamu ya asubuhi. Tania ametununulia miwani ya kutazamia jua likipatwa mwezi ujao, maana wanasema hapa Dallas litafunikwa lote. Aliponiona na kalamu alisema, "Dad, nobody writes letters. Just text her." Nikamwambia hili si la kutuma kwa kidole gumba.

Barua yako ilikaa juu ya friji wiki tano. Sikuichana, kama ulivyojua.

Mambo ya nyuki nilishayaacha. Mwaka 2006 nilipopanda ndege na green card yangu ya bahati nasibu niliyaacha Sikonge, na sijawahi kuyakumbuka hata siku moja. Baba yako aliuawa na nyuki. Ulikuwa na miaka minane, ulilia mpaka sauti ikakauka, mimi ndiye niliyekubeba. Mama yako tangu siku ile hataki asali ndani ya nyumba yake, hata ya kikohozi. Leo wewe, mtoto wake wa pekee, unataka kuning'inia kwenye mwamba wa watu ukiwatafuta nyuki hao hao? Kama ni kasuku, si mnao hapo kituoni, wamo mabandani, wanakula karanga? Wahesabu hao.

Jibu langu ni hapana. Nami si mtu wa kubembelezwa, unanijua.

Baba yako mdogo,
Gelasius

Nimesahau: hao kasuku ni wa rangi gani hasa? Tania ndiye anayeuliza.

*

Sharpstown, Houston
14 Aprili 2024

Shikamoo baba mdogo.

Poleni na kikohozi. Mama anasema mvua zimezidi na choo cha jirani kimetitia, lakini watu wote ni salama. Jua hapa halikufunikwa lote, na mawingu yakatuharibia hata hicho kidogo.

Mwambie "Tania" kwamba mwili ni wa kijani kilichopauka, kama jani la zeituni. Paji la uso ni jekundu, na mabega mekundu yanayoelekea rangi ya chungwa, utadhani amejitupia khanga kwa haraka. Mbawa za kurukia ni za buluu. Wakipita wengi kwenye bonde lile kavu, lenye miiba na mpungate tu, mtu anaacha anachofanya na kutazama. Wakulima wa kule hawawapendi sana, maana wanaingia kwenye mahindi na karanga. Nawaelewa. Mimi niliamia ndege kwenye mtama wa bibi, najua hasira ile.

Sasa uniwie radhi, nimeanza bila wewe. Nimetengeneza mizinga sita ya mbao mpya za msonobari. Nimeipaka rangi ya kijani ipendeze, na ndani nikapaka asali, tena ya bei. Nikaitundika kwenye miti ya kituo mwanzoni mwa Machi, maana nyuki wa Houston huhama miezi hii. Mpaka leo hakuna hata nyuki mmoja. Msimamizi wangu Kanana, Mkenya wa Meru, alifungua mmoja akaruka nyuma: "Joy, hii ni hoteli ya sisimizi, manze! Na wame-book rooms zote!" Wakati huohuo kundi zima limehamia kwenye kisanduku cha mita ya maji mbele ya nyumba yangu. Wananiona kila asubuhi. Nadhani wananicheka.

Unajua kosa langu, baba mdogo. Kambi ya warina asali mwanamke haingii. Wanaume mlikaa porini wiki tatu, mkarudi na ndoo, na sisi tukaanzia hapo: kukamua, kuchuja, kujaza chupa. Nilichojifunza ni cha jikoni, ndiyo maana nimepaka asali kana kwamba napaka mkate. Upande wa pili wa kazi ile baba alikufa nao, na aliyebaki nao ni wewe. Ukikataa, nitakwenda Bolivia na hoteli zangu za sisimizi. Kwenda nitakwenda.

Joyceline

*

Cedar Hill
2 Mei 2024

Mwanangu Joyceline,

Marahaba, na pole. Pelagia amepona. Tania amefaulu mtihani wa kuendesha gari, kwa hiyo mwombee kila mtu wa Dallas. Jumapili iliyopita ilikuwa misa ya Kiswahili, na padri alihubiri mpaka pilau la ukumbini likapoa.

Asali! Umepaka asali! Nimeisoma nikiwa kwenye mapumziko kazini, nimecheka mpaka mzee mmoja akanibonyezea kengele ya nesi. Mwanangu, nyuki hahamii mahali penye chakula cha mwingine, anahamia mahali panaponuka kama nyuki walishaishi pale wakaishi vizuri. Asali inaita wezi. Kinachoita kundi ni nta.

Sikiliza, na usinikatize. Rangi yote kwangua. Mbao mpya zitupe, tafuta za zamani zilizokwisha kunyeshewa na kukauka, zisiwe na harufu ya duka. Ndani pitisha moto mpaka mbao ziwe kahawia, zisiungue. Yeyusha nta, paka zikiwa bado za moto ili zinywe. Juu bandika kipande cha sega kuukuu, jeusi, lisilo na asali hata tone. Mlango uwe wa vidole viwili, basi, si dirisha la kanisa. Uupe upepo mgongo. Tundika penye kivuli cha mchana, kisha ondoka. Mzinga si sufuria ya maharage, huufunuifunui kuona kama umeiva.

Kwa basi la Ijumaa nakutumia mizinga miwili. Jirani alibomoa uzio wake, nikaziomba mbao. Nilizipigia misumari nyuma ya nyumba, na mikono ikafanya kazi yenyewe kama vile ni jana. Sikufurahia jambo hilo.

Umenielewa, mizinga nimekufundisha kwa sababu siwezi kuona kazi ikiharibiwa. Mwamba ni jambo jingine. Watume vijana wa kule washuke wao. Wewe kaa chini na daftari.

Gelasius

*

Sharpstown, Houston
9 Juni 2024

Shikamoo baba mdogo.

Ile dhoruba ya Mei ilituacha siku nne bila umeme na ikaangusha miti miwili ya kituo, lakini ndege wote ni wazima. Mama amevuna. Anasema magunia tisa, nadhani ni kumi na mawili na anawakwepa wakopaji.

Wameingia! Mzinga wako wa kwanza uliingiwa siku ya tano. Nilisikia mngurumo kabla sijaona kitu. Angani kulikuwa na wingu la nyuki likijizungusha, kisha wakaanza kumiminika kwenye ule mlango wa vidole viwili, maelfu, kwa adabu kama watu wanaoingia msikitini. Nilikaa chini kwenye majani nikalia. Kanana alidhani nimeumwa. Wa pili nao umeingiwa, na ile yangu sita nimeitengeneza upya kwa maagizo yako. Msimu umekwisha na bado miwili kati yake ina nyuki. Bolivia nitazitafuta mbao kuukuu kulekule.

Kuhusu mwamba, nitashuka mimi. Nimefundishwa miezi minane, nina cheti, na tundu la kasuku halikaguliwi kwa daftari kutoka chini. Kama kinda linaumwa, lazima awepo mtu wa kufika.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni, nami si wa kuzungukazunguka. Tangu nijifunze kamba nimeanza kufikiri. Nyuki nimewaona sasa kwa macho yangu. Wanauma, wanatia kichaa, mtu anaweza kujiachia. Ila mama amenieleza kwamba baba kila alipopanda alijifunga kamba kiunoni na kuizungusha kwenye tawi. Mtu aliyefungwa haanguki kwa sababu ya nyuki. Ataumwa, atavimba, atabaki pale juu. Miaka ishirini nauliza, na kila mara unasema nyuki, halafu unaanza kuuliza habari za shule.

Wewe peke yako ulikuwa naye. Baba yangu alianguka vipi?

Joyceline

*

Cedar Hill
30 Agosti 2024

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nne. Julai, kimbunga kilipokupitieni mkakaa bila umeme, Pelagia ndiye aliyekupigia. Mimi nilisimama pembeni ya jokofu nikisikiliza sauti yako, nikaondoka bila kuomba simu. Nilijua utaniuliza.

Unaondoka wiki ijayo. Siwezi kukuacha uning'inie kwenye mwamba ukiamini uongo wangu.

Kamba zetu zilikuwa za maganda ya miti. Zilikuwa hazidumu zaidi ya msimu mmoja. Kila mwaka kabla ya kwenda kambini mmoja wetu alisuka mpya, kwa zamu. Mwaka ule ilikuwa zamu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nilikuwa na mambo yangu mjini, nikachelewa. Nilipofika kambini kaka aliniuliza, "Kamba ipo?" Nikasema ipo. Ilikuwepo, ya mwaka jana. Niliitazama nikajiambia itafaa msimu mmoja zaidi.

Alipanda asubuhi, mimi chini na mwenge wa moshi. Nyuki walitoka kwa hasira, hilo ni kweli. Akajiegemeza kwenye kamba ili ajipanguse uso, na kamba ikakatika. Ililia kama kuni inayovunjwa. Hakufika mchana.

Watu wa kambi nyingine walipofika walikuta nyuki wamemjaa, wakasema, "Nyuki wamemuua." Nikanyamaza. Siku ya kwanza kunyamaza ni kazi, siku ya pili ni rahisi, na msibani mama yako aliposhika kichwa akiwalaani nyuki mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwake. Nilikuleta Marekani, nimekusomesha, na kila ada niliyolipa nilikuwa nalipa kamba. Sasa unajua. Yapo mengine yaliyosemwa pale chini ya mti, hayo sijaweza kuyaandika.

Nenda. Sikuzuii tena. Ila kamba yako ikague mwenyewe, kwa mikono yako, kila asubuhi. Usimwamini mtu akikuambia ipo, hata kama ni ndugu yako.

Gelasius

*

Sharpstown, Houston
12 Januari 2025

Baba mdogo, shikamoo.

Nimerudi juzi, salama. Nimekonda, nimeungua jua, na nimejua Kihispania cha kugombana na mbuzi. Mama mdogo na Tania nawasalimu.

Barua yako niliipata siku mbili kabla ya kuondoka. Niliisoma mara moja, nikaitia mkobani, na kwa miezi minne sikuandika kwa sababu kila nilichotaka kukuandikia kilikuwa matusi. Nilikuchukia Septemba yote. Oktoba nilikuwa na kazi nyingi, nikawa nakuchukia Jumapili tu. Sitakudanganya kwamba yamekwisha.

Lakini kila asubuhi nilikagua kamba kwa mikono yangu, pima kwa pima, huku wenzangu wakinisubiri na kunung'unika. Novemba nilikuta imechubuka karibu na fundo. Jiwe lilikuwa limeila kwa ndani, kwa macho usingeona. Tuliitupa siku ileile. Hilo ni lako, nakurudishia.

Sasa habari za kazi. Mizinga kumi na miwili tuliitundika, na saba iliingiwa. Mzee mmoja mfuga nyuki wa kijijini, Don Casimiro, alitupa nta na masega. Nilipopitisha moto ndani ya mbao akatikisa kichwa na kusema hata babu yake hakufanya hivyo. Wiki mbili baadaye nikamkuta nyuma ya nyumba yake anachoma mbao. Kwenye mwamba, nyuki wamechukua tundu moja tu badala ya manne. Jozi tisa zimetaga. Lile tundu lililokuwa na makinda yaliyokufa, nilishuka nikalimulika siku ya Krismasi. Yalikuwepo makinda mawili, ngozi tupu, manyoya ya paji hata hayajaota, yakanifokea kama wenye nyumba. Mama yao alikuwa ananizunguka akipiga kelele mpaka nikamwomba radhi kwa Kinyamwezi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, na nilitaka kumwambia baba, na baba hayupo.

Kwa hiyo nakuambia wewe. Mwambie mama.

Usinitume mimi. Usimwandikie, atasomewa na mtoto wa jirani na mtaa mzima utajua kabla yake. Mpigie, mwambie kwa mdomo wako, na hayo uliyoshindwa kuniandikia yamalizie kwake. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Ukishindwa nitakuja Cedar Hill kukaa mbele yako mpaka ubonyeze namba. Unajua nitakuja.

Joyceline

*

Cedar Hill
3 Februari 2025

Mwanangu Joyceline,

Marahaba. Pelagia hajambo, Tania hajambo, mimi nimelala saa tisa mfululizo kwa mara ya kwanza tangu sijui lini.

Nilimpigia jana baada ya misa ya asubuhi, nikiwa nimepitisha siku mbili ulizonipa. Kule ilikuwa jioni. Pelagia alikaa karibu nami, naye pia alikuwa anasikia mambo haya kwa mara ya kwanza, na alinishika mkono hadi mwisho ingawa mwanzoni aliuachia. Nilimwambia shemeji yote, zamu yangu, kamba ya mwaka jana, kwamba nilisema ipo. Sikumwekea nyuki hata mmoja wa kujificha nyuma yake.

Nilisikia kuku, nikasikia mtu anapiga hodi na yeye hamwitikii. Kisha akasema, "Nilichoma mizinga yake yote arobaini, Gelasius. Siku tatu nachoma. Watu walikuja kuniomba niwauzie nikakataa." Nikasema ndiyo, shemeji, nilikuwepo, nilikusaidia kubeba. Akalia, na mimi nikalia, na sikumwomba anisamehe kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kuomba kitu.

Alipomaliza kulia hakunitukana. Aliuliza swali moja tu. "Miaka yote umesema alikufa palepale. Sasa sema kweli. Alisema neno?"

Hilo ndilo sikuweza kukuandikia, mwanangu. Alisema. Aliishi mpaka jua lilipokaribia utosini, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, na kile kipande cha kamba bado kimemzunguka kiuno. Alikiona kilipokatikia. Alikigusa kwa vidole, akanitazama, akajua. Nilingoja anilaani. Nimengoja miaka ishirini na moja.

Nilimwambia mama yako, naye ameniamuru nikuandikie, neno kwa neno, ili nawe uwe nalo. Baba yako alinifuta uso kwa kiganja chake, akauliza, "Gela, wewe nyuki hawajakuuma?"

Gelasius